Kupima Asbesto Kabla ya Kutengeneza Nyumba Kongwe

Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa Unguja na Pemba



Miezi ya Januari na Februari ndiyo miezi ya mafundi. Jua ni kali, Masika haijaanza, na kila mwenye paa linalovuja huhesabu siku zilizobaki kabla ya mvua za mwezi wa Machi. Ngazi huegemezwa ukutani, paa huezuliwa, na kazi iliyostahiki kutanguliwa na mazingatio ya wiki mbili huanzwa asubuhi moja kwa sababu tu fundi amepatikana. Mazungumzo haya yanahusu wiki mbili hizo. Mwenye nyumba iliyojengwa au kupanuliwa katika karne iliyopita hana budi kulijua jambo moja kabla ya msumari wa kwanza kung'olewa, nalo ni kama nyumba yake ina asbesto ama haina.

Ichukuliwe nyumba moja ya mfano. Haimo katika daftari la sheha yeyote, lakini zinazofanana nayo si haba. Nyumba hiyo ipo Ng'ambo, imejengwa mwaka 1962 kwa mawe na chokaa, na imeezekwa kwa bati za saruji za kijivu zenye mawimbi. Humo anaishi Bi Mkubwa pamoja na binti yake na wajukuu watatu. Chumba cha nyuma kiliongezwa mwaka 1983 na kutiwa dari la mbao bapa nyeupe zisizojulikana zilitoka wapi. Jiko limetiwa viraka vya bati za saruji katika miaka ya karibuni. Bomba linaloteremsha maji ya mvua kutoka kwenye paa nalo ni gumu, la kijivu, la rangi ile ile ya bati. Fundi ameitwa, amefika na msumeno wake.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hapo juu pananivujia mpaka kitandani."

"Usitie wasiwasi, Bibi. Hii ni saruji tu. Leo leo nitazikata nizishushe, nikutilie bati mpya, na hizi kongwe zitakufaa kwa banda la mbuzi."

Fundi huyo si mtu mbaya wala si mvivu. Anasema analoliona. Ila katika jambo hili jicho halitoshi.

Asbesto ni jina la madini ya aina sita yanayochimbwa ardhini, na katika hizo, tatu ndizo zilizotumika sana katika biashara: nyeupe, ya kahawia na ya buluu. Ni jiwe, lakini ni jiwe linaloweza kuchambuliwa kama pamba. Haliungui, halioki kutu, halioshwi na chumvi wala haliliwi na mchwa. Viwanda viligundua kwamba saruji ikichanganywa na asbesto kiasi cha asilimia 10 hadi 15 hupatikana bati jembamba, jepesi na imara. Madini yenyewe hayakuwa mbali na pwani hii: yalichimbwa Shabani na Mashaba nchini Zimbabwe, Havelock nchini Swaziland kuanzia mwaka 1939 hadi mwaka 2001, na katika jimbo la Cape huko Afrika Kusini.

Kwa watu wa visiwani bati hizo zilikuwa neema. Bati la chuma, upepo wa bahari hulila mpaka likawa chujio, lakini bati la saruji lilikaa miaka 40 bila ya kulalamika. Mchana halikuwaka moto, na usiku wa mvua halikupiga ngoma juu ya vichwa vya waliolala. Marehemu mume wa Bi Mkubwa aliyelinunua alinunua kitu kizuri kwa mujibu wa maarifa ya siku zile, na hapana sababu ya mtu kumlaumu.

Madhara yake hayatokani na kuligusa wala kulitazama. Yanatokana na vumbi. Nyuzi za asbesto zina tabia ya kupasuka kwa urefu, kila moja ikizaa nyingine nyembamba zaidi, mpaka zikawa nyembamba kupita unywele mara kadhaa wa kadhaa. Nyuzi za kiasi hicho hazionekani kwa macho, hazina harufu, haziwashi koo, na zinaweza kuelea hewani kwa saa nyingi. Zikivutwa huteremka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Huko seli za mwili zinazokula uchafu hujaribu kuzimeza na hushindwa, kwa sababu uzi ni mrefu kuliko seli yenyewe. Jeraha dogo lisilopona hubakia pale, na miaka hupita.

Miaka hiyo si mitano wala kumi. Baina ya kuvuta vumbi na kuumwa huweza kupita miaka 20, mara nyingi 30 au 40, na hata 50. Maradhi yenyewe ni ya namna tatu kubwa. La kwanza ni mapafu kujaa makovu na kuwa magumu, hata mgonjwa akashindwa kupanda ngazi. La pili ni saratani ya mapafu, ambayo kwa mvutaji sigara hatari yake huongezeka maradufu juu ya maradufu. La tatu, ambalo wataalamu huliita mesothelioma, ni saratani ya utando unaoyazunguka mapafu au matumbo, na hili takriban halina sababu nyingine inayojulikana zaidi ya asbesto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya 200,000 hufariki kila mwaka ulimwenguni kutokana na asbesto waliyokutana nayo makazini.

Kwa hivyo kijana wa miaka 22 anayekata bati leo kwa msumeno hatakohoa kesho. Atakohoa akiwa baba wa watu wazima, na wala hataikumbuka siku hiyo.

Haya hayakujulikana jana. Nchini Uingereza, mwaka 1930, daktari Merewether na mhandisi Price walitoa ripoti baada ya kuwapima wafanyakazi 363 wa viwanda vya nguo za asbesto, na kiasi cha robo yao walikutwa na makovu ya mapafu. Mwaka uliofuata nchi hiyo ilipata kanuni za kuzuia vumbi viwandani. Watu wengi walidhani basi kwamba tatizo ni la mfanyakazi wa kiwandani peke yake. Mwaka 1960 dhana hiyo ilivunjika. Daktari Wagner na wenzake wa Afrika Kusini waliandika habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, karibu wote wenye uhusiano na machimbo ya asbesto ya buluu ya Cape, na miongoni mwao walikuwamo ambao hawakupata kuwa wachimbaji kamwe. Walikuwa wamekulia tu karibu na machimbo walipokuwa watoto. Mwaka 1965, mjini London, Newhouse na Thompson walichunguza wagonjwa 76 wa maradhi hayo hayo. Wamo waliofanya kazi kiwandani. Wamo waliokuwa majirani wa kiwanda. Na wamo ambao kosa lao lilikuwa kuishi nyumba moja na mfanyakazi aliyerudi jioni na vumbi kwenye nguo.

Hili la mwisho linastahiki kusimamiwa kidogo, kwa kuwa linagusa desturi za majumbani. Fundi akirudi kwake, nguo zake huvuliwa, hukung'utwa uani na kutiwa katika beseni moja na nguo za watoto. Anayekung'uta ni mke au mama. Yeye hakupanda paa la mtu yeyote, wala hakulipwa ujira wa siku hiyo.

Mataifa yamechukua hatua kwa nyakati mbali mbali. Uingereza ilikataza asbesto ya buluu na ya kahawia mwaka 1985 na nyeupe mwaka 1999. Umoja wa Ulaya ulikamilisha katazo lake mwaka 2005. Kenya iliiweka asbesto katika taka zenye hatari kwa kanuni za mwaka 2006, Afrika Kusini ilipiga marufuku matumizi yake mwaka 2008, Rwanda ilianza mpango wa kuondoa mapaa yake mwaka 2011, na Marekani ilitoa kanuni ya kuikataza asbesto nyeupe mwezi wa Machi 2024. Lakini katazo la kuuza haliondoi kilichokwisha kuezekwa. Bati lililotiwa mwaka 1962 bado lipo pale pale lilipo.

Hapa pana haja ya kutuliza nyoyo. Paa la asbesto lililo zima, lisilopasuka, lisilokatwa wala kusuguliwa, hutoa nyuzi chache sana, kwa sababu saruji imezifunga. Bi Mkubwa aliyelala chini yake miaka yote hiyo hana sababu ya kuhama usiku huu. Wengi pia huuliza juu ya maji ya mvua yanayokingwa kutoka kwenye paa la namna hiyo. Shirika la Afya Duniani halikupata ushahidi ulio thabiti kwamba asbesto inayonywewa katika maji hudhuru. Khofu iliyothibitika ni ya kuvuta kwa pumzi. Hatari basi imelala, na kinachoiamsha ni kazi: msumeno, keekee, nyundo, tindo, msasa, brashi ya waya na mpira wa maji ya nguvu unaotumiwa kuondoa ukungu kabla ya kupaka rangi. Hiyo ndiyo sababu upimaji hutakiwa kabla ya matengenezo na si baada yake. Baada yake, vumbi limekwisha kuingia katika magodoro.

Mtu huweza kusema kwamba fundi mzoefu atalijua bati la asbesto kwa kulitazama. Ukweli ni kwamba hatalijua kwa yakini. Viwanda vilipoacha asbesto viliweka nyuzi za mimea na za plastiki mahala pake, na vikaendelea kutumia mashine zile zile, mawimbi yale yale na rangi ile ile ya kijivu. Baadhi ya viwanda vya Ulaya viligonga herufi NT au AF kwenye bati zisizokuwa na asbesto, na mwenye kuziona herufi hizo amepata dokezo la maana. Lakini bati nyingi hazina alama yoyote, na nyingine alama zake zimefutika kwa jua. Umri wa nyumba nao ni dokezo tu, kwani bati huhamishwa kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

Wapo wanaopima kwa kiberiti, wakidai kwamba kisichoungua ni asbesto. Saruji haiungui, iwe na asbesto au isiwe nayo. Zaidi ya hayo, bati la saruji yenye asbesto likitiwa katika moto mkali hupasuka kwa kishindo na kurusha vipande. Mchezo huo uachwe.

Kabla ya kupima ni vyema nyumba ikaguliwe chumba kwa chumba na kuandikwa kila kinachotiliwa shaka. Katika nyumba za Mji Mkongwe, kuta za mawe ya matumbawe, chokaa na maboriti hazina asbesto katika asili yake, wala makuti na bati la chuma hayana. Mashaka yanakuja katika vilivyoongezwa baadaye: bati za saruji na kofia zake za mgongoni, mbao bapa za dari na za kuta za kugawia vyumba, mabomba ya maji ya mvua na ya maji machafu, matangi ya saruji yaliyoletwa yakiwa tayari, ubao nyuma ya mita ya umeme, na vigae laini vya plastiki vya sakafuni pamoja na gundi nyeusi iliyo chini yake. Katika majengo makubwa, kama vile skuli, hospitali na vituo vya kuzalisha umeme, huongezeka mabomba ya moto yaliyovikwa vitambaa na plasta ya kuzuia joto. Vitu hivyo vya mwisho ndivyo vibaya kuliko vyote, kwa sababu asbesto yake ni nyingi na haikufungwa na saruji. Mwenye jengo la namna hiyo asichukue sampuli kwa mkono wake; amwite mtaalamu.

Kwa bati la saruji la nyumba ya kawaida, sampuli ni kipande kidogo cha ukubwa wa kidole gumba. Ni bora ichukuliwe na mtu aliyefunzwa. Pasipopatikana mtu huyo, kazi hufanywa kwa utulivu kama ifuatavyo. Watoto na wasiohusika hutolewa nje, na mapangaboi huzimwa. Mchukuaji huvaa glavu na kifuniko cha pua na mdomo chenye alama ya FFP3; kitambaa, kanga au kile kifuniko chepesi cha hospitali havizuii nyuzi hizi. Kifuniko hicho hakina faida kisipobana uso, na kwa hivyo mwenye ndevu amwachie kazi hiyo asiyekuwa nazo. Pahala patakapokatwa hurowanishwa kwa maji yaliyotiwa matone machache ya sabuni ya vyombo, maana maji matupu huteleza juu ya bati na sabuni ndiyo inayoyapenyeza. Kisha ncha ya bati humegwa kwa koleo, pale pale palipopasuka zamani ikiwezekana, huku maji yakiendelea kunyunyizwa. Msumeno na keekee havitumiki.

Hapana anayepaswa kupanda juu ya paa kwa ajili ya sampuli. Kipande huchukuliwa ukingoni, mtu akiwa kwenye ngazi, au huokotwa kilichokwisha anguka uani, mradi ijulikane kimetoka paa gani.

Kipande hutiwa katika mfuko wa plastiki na kufungwa, na mfuko huo hutiwa katika mfuko wa pili. Juu yake huandikwa tarehe, nyumba, chumba na kitu kilichomegwa. Palipomegwa hupakwa rangi au kuzibwa kwa utepe. Koleo hufutwa kwa kitambaa cha maji, na kitambaa chenyewe pamoja na glavu hufungwa katika mfuko kama taka ya asbesto, havirudi jikoni.

Kila kitu cha aina yake hutaka sampuli yake. Hapo ndipo watu wengi hukosea kwa kutaka kupunguza gharama. Hupima paa, huambiwa halina, kisha huvunja dari kwa furaha.

Katika maabara mchunguzi kwanza hutazama kipande kwa hadubini ya kawaida na kuchambua nyuzi kwa sindano. Nyuzi hizo hutiwa katika kimiminika kinachojulikana jinsi kinavyopinda mwanga, kisha hutazamwa kwa hadubini yenye mwanga uliochujwa ili uelekee upande mmoja. Kila aina ya asbesto hujitambulisha kwa rangi inazoonesha katika mwanga huo, na kwa kawaida hapo ndipo uzi wa karatasi au wa plastiki hutofautishwa na asbesto. Kwa vigae vya plastiki, ambavyo nyuzi zake zilisagwa sana, wakati mwingine huhitajika hadubini ya elektroni. Iwapo maabara ya karibu haina vyombo hivyo, sampuli hupelekwa nje ya Visiwa, na jibu huchukua siku. Ndiyo maana ya zile wiki mbili. Mwenye nyumba aulize kabla ya kulipa ni njia gani itakayotumika, na atake jibu la maandishi lenye kutaja kila sampuli mbali mbali na aina ya asbesto iliyoonekana.

Basi turudi Ng'ambo. Mtoto wa kiume wa Bi Mkubwa, ambaye ni karani katika afisi ya Serikali, alifika kabla ya msumeno kuanza, akamwomba fundi asubiri. Fundi hakupendezewa, kwani siku yake imepotea, na ni haki alipwe siku hiyo. Sampuli nne zilipelekwa. Jibu la paa la mwaka 1962: asbesto nyeupe imo. Bomba la maji ya mvua: imo. Mbao za dari la chumba cha mwaka 1983, ambazo kila mtu aliziogopa kwa weupe wake: haimo, ni nyuzi za miti. Viraka vya jikoni, ambavyo kwa macho ni ndugu baba mmoja mama mmoja na bati za paa: haimo. Mfano huu umetungwa, lakini majibu ya kuchanganyika namna hii ndiyo hali ya kawaida ya nyumba iliyojengwa kwa vipindi. Faida yake ni kubwa. Dari litavunjwa kama dari lolote, kwa gharama ya kawaida, na fedha ya tahadhari itawekwa pale inapohitajika.

Ambaye hakuweza kupima kabisa, ama kwa kukosa fedha au kwa kukosa njia, anayo kanuni moja: kitu kinachotiliwa shaka kichukuliwe kuwa ni asbesto mpaka ithibitike kuwa sivyo. Kanuni hiyo haina gharama ila ya subira.

Jibu likiwa imo, si lazima paa lishushwe. Kama bati ni zima na uvujaji unatoka kwenye misumari na viungo, huweza kuzibwa mahala hapo na bati kupakwa rangi nzito bila ya kusuguliwa. Kama limechakaa, limepasuka au nyuzi zake zimeanza kuonekana usoni, liondolewe, na kazi hiyo ifanywe na watu wanaoijua. Misumari na skurubu hurowanishwa na kufunguliwa, si kupigwa nyundo mpaka bati likavunjika. Bati huteremshwa zima kwa mikono au kwa kamba, halirushwi chini. Uani hutandikwa plastiki, na vipande vilivyoanguka huokotwa vikiwa vimerowa. Ufagio mkavu hautumiki. Mafundi huvua nguo zao za kazi pale pale, huoga, na nguo hizo hufungwa katika mfuko. Haziendi nyumbani kwa mke wa mtu.

Ipo hatari nyingine ambayo haingoji miaka 30. Bati la saruji kongwe halichukui uzito wa mtu. Huonekana imara, fundi hulikanyaga, nalo hufunguka chini ya mguu wake bila ya onyo. Katika kazi za mapaa ya namna hii, ulimwenguni kote, mafundi wamekufa kwa kuanguka siku ile ile waliyopanda. Ubao mpana wa kukanyagia, unaolala juu ya kenchi, uwekwe kwanza. Na mwenye nyumba asione haya kumkataza fundi kupanda bila ya ubao huo.

Suala la bati lililoshushwa ndilo linaloleta mabishano zaidi. Bati hilo lina thamani machoni mwa watu: litafunika banda la mbuzi, litazuia kuku, litauzwa shamba kwa bei nafuu, au litapondwa kujazia shimo la njia. Kila moja ya njia hizo huipeleka asbesto kwa mtu asiyejua alichopewa. Bati likatwe litoshe banda, na vumbi lile lile lililoepukwa mjini litavutwa shamba. Bati za asbesto hufungwa katika plastiki nene mara mbili, huandikwa maneno ya onyo, na huzikwa katika pahala palipotengwa na mamlaka, pasipofukuliwa. Haziungwi moto wala hazitupwi ufukweni. Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, iliyo chini ya Sheria ya mwaka 2015, ndiyo ya kuulizwa kabla ya kuziondoa, na sheha apewe habari mapema ili gari la taka la kawaida lisije likazichukua. Kwa nyumba za Mji Mkongwe, kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe hutangulia matengenezo ya aina yoyote, na jibu la maabara lifuatanishwe na maombi hayo.

Watumishi wanaokaa katika nyumba za Serikali hawatakiwi kujichukulia sampuli wala kutoboa dari kwa ajili ya taa au pangaboi. Wapeleke barua kwa afisi iliyowakabidhi nyumba, waeleze mwaka wa ujenzi kama unajulikana na hali ya paa, na wadai jibu kwa maandishi. Wakuu wa skuli na wa vituo vya afya nao, kabla ya kumruhusu mkandarasi aingie, wamtake aoneshe matokeo ya upimaji. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar ya mwaka 2005 imeweka jukumu la usalama wa mfanyakazi juu ya mwajiri, na fundi wa siku moja naye ni mfanyakazi.

Baada ya paa jipya kutiwa, mifereji na tangi la kukingia maji husafishwa vikiwa vimerowa, na maji ya mvua ya mwanzo huachwa yapite. Jibu la maabara, pamoja na mchoro mdogo unaoonesha ni wapi asbesto iliondolewa na ni wapi imebakia, huwekwa katika bahasha moja na hati ya nyumba. Katika nyumba ya Bi Mkubwa bomba la maji ya mvua limeachwa, kwa kuwa ni zima na limepakwa rangi. Katika mchoro limetiwa alama nyekundu, ili mjukuu atakayekuja kulitoboa mwaka wowote ule aone kwanza.